Siku moja maishani mwangu: kuikarabati tovuti iliyozeeka

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijagusa kompyuta, naifungua tovuti ya mteja kwenye simu. Siku ya kwanza ya kazi huwa naingia kama mtu mwenye shida, si kama fundi. Shida yangu leo ni kiyoyozi kinachodondosha maji, na kampuni hii inatengeneza viyoyozi na majokofu. Ukurasa unajichora taratibu. Maandishi ni madogo kama mchanga, mpaka uyavute kwa vidole viwili. Nambari ya simu ipo, tena kubwa, ila imo ndani ya picha ya bango. Naigusa, haipigi. Kuinakili, hainakiliki. Natafuta kalamu.

Saa 3:00. Mwenye kampuni anapiga. "Mwanangu, nataka ya kisasa. Picha ziwe zinatembea pale juu." Namuuliza, "Mzee, unataka wakutazame au wakupigie?" Anacheka. "Wanipigie bwana. Na siku hizi hakuna hata anayeandika kupitia ile tovuti. Watu wameacha." Nayaandika maneno hayo kwenye daftari, maana sijayaamini.

Saa 4:30. Naichimbua. Palipokuwa na utangulizi wa Flash, teknolojia ya zamani ya michoro inayotembea ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020, sasa pana pengo la kijivu. Anwani inaanza na http bila "s", kwa hiyo tangu 2018 Chrome inawaonya wageni kwamba tovuti si salama. Picha ya bango ina megabaiti 4. Naipunguza upana, naigeuza kuwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, inashuka chini ya kilobaiti 200.

Saa 6:00 mchana. Fomu ya maulizo. Ina visanduku 11, na nambari ya faksi ni ya lazima, ina kinyota chekundu kabisa. Natunga faksi ya uongo, natuma. "Asante, tutawasiliana nawe." Namuuliza mzee kama imefika. Haijafika.

Naifungua programu inayoiendesha fomu. Kumbe kila kitu kinatumwa kwenye barua pepe ya karani aliyeacha kazi zamani, na sanduku lake halikuwahi kufungwa. Mzee ananipa ruhusa, naweka nywila mpya kwenye seva, tunaingia pamoja, yeye kwake mimi kwangu. Mwingi ni ujumbe wa matangazo ya ovyo, lakini katikati yake kuna watu. Mmoja ameandika: "Jokofu la duka letu la dawa limezima tangu jana. Mnaweza kuja leo?" Ujumbe huo una miezi minane.

Simu inakaa kimya kidogo. "Huyu alikuwa wetu," anasema.

Saa 8:00. Fomu mpya ina visanduku vitatu: jina, simu, tatizo. Kitufe hakisemi tena "Wasilisha", kinasema "Nitumieni fundi". Nambari ya simu sasa ni maandishi, ukiigusa inapiga. Juu kabisa palikuwa pameandikwa "Kampuni inayoongoza kwa ubora". Kila kampuni inaongoza. Sijui zinazofuata ziko wapi. Naweka: "Tunatengeneza viyoyozi na majokofu. Tunakuja ulipo." Picha zinazotembea hazimo, na mzee hajaziulizia tena.

Saa 10:00 jioni. Kuelekeza anwani za kurasa za zamani kwenye mpya, 301 baada ya 301, yaani msimbo unaosema ukurasa umehamia kwingine. Inachosha, lakini bila hiyo anayetoka Google anaangukia ukurasa usiopo.

Saa 12:00 jioni. Nina simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, ya majaribio tu. Najaza fomu, natuma. Safari hii ujumbe unakwenda kwa mzee na kwa binti yake anayepokea simu za ofisi, asije akaondoka mmoja tukarudi kulekule.

Dakika haijaisha anapiga. "Imefika! 'Kiyoyozi kinadondosha maji.' Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi wewe ngoja. Nampigia kwanza yule wa jokofu."