Siku moja maishani mwangu: kunakili meza ya madhabahu ya San Vitale

Saa 1:30 asubuhi

Kazi iliyo mezani ni mraba wa sentimita 60 kwa 60: nakala ya mozaiki (picha ya vijiwe vya kioo) ya meza ya madhabahu kutoka kanisa la San Vitale, hapa Ravenna, Italia. Kwenye mozaiki ya asili, meza hiyo imefunikwa kitambaa cheupe, juu yake pana kikombe na mikate miwili. Upande mmoja anasimama Habili ameinua mwana-kondoo, upande wa pili Melkizedeki, kuhani na mfalme wa kale, ameinua mkate, na mkono wa Mungu unatokea mawinguni juu yao. Kwa vijiwe vya milimita 6 hivi, na nafasi ndogo kati yao, mraba kama huu unakula vijiwe vinavyokaribia 7,000.

Kabla ya kitu chochote, chokaa. Karakana za Ravenna zinaponakili mozaiki za kale hupanga vijiwe kwanza kwenye kitanda cha muda: fremu ya mbao iliyojazwa rojo la chokaa, kina sentimita 2 hadi 3. Fundi mwashi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar angeitambua kwa kuishika tu, maana ni ileile chokaa iliyolowekwa na kulazwa muda mrefu mpaka ikawa laini kama siagi. Tofauti ni kwamba huku haitiwi mchanga. Kazi yake si kushika milele. Ni kushika hadi picha ikamilike, ili kijiwe kisichofaa kiweze kung'olewa na kuwekwa kingine hata siku tatu baadaye.

Adui wa kitanda hiki ni hewa. Chokaa ikiachwa wazi inavuta hewa ukaa na kuanza kurudi kuwa jiwe, na uso wake unafanya gamba. Ukisukuma kijiwe juu ya gamba hilo, linapasuka na vijiwe vya jirani vinainuka. Ikiwa nyepesi mno, kijiwe kinazama na rojo linapanda mpaka linafunika uso wake. Kipimo ni hiki: sukuma kijiwe hadi theluthi mbili ya kimo chake, achia. Kikisimama wima, na chokaa ya pembeni ikabaki chini ya uso wake, kitanda kiko tayari. Kisipokaa hivyo, nyunyiza maji au subiri, kutegemea kosa liko upande gani.

Saa 2:15 asubuhi

Kukata. Kioo cha mozaiki, smalti, hufika kikiwa bamba lenye unene wa sentimita moja hivi. Kiwanda cha Orsoni cha Venice, kilichoanzishwa 1888, bado kinakitengeneza kwa tanuri. Rangi zinatokana na madini: kobalti inatoa buluu ya kina, manganizi inatoa zambarau, na shaba inatoa kijani, buluu ya maji au nyekundu nzito, kulingana na kiasi cha hewa tanurini.

Vifaa ni viwili tu. Patasi imesimikwa kwenye gogo, makali yakitazama juu. Nyundo ina ncha mbili zenye makali. Kioo kinashikwa kwa kidole gumba na cha shahada, kinalazwa juu ya makali ya patasi, kisha nyundo inashuka kwa uzito wake yenyewe. Makali ya juu na ya chini lazima yakutane kwenye mstari mmoja. Yakipishana hata milimita moja, kioo kinakatika kimshazari na kijiwe kinakuwa na mkia mrefu upande mmoja. Kioo kikianza kusagika badala ya kukatika, usiongeze nguvu, noa patasi. Miwani ya kinga haivuliwi hata kwa kijiwe kimoja.

Uso unaotazama nje ni ule uliovunjika, si ule uliomiminwa. Ngozi ya juu ya bamba imepoa haraka na imefifia. Ndani ndiko rangi ilikojaa, na mpasuko hauko sawasawa, kwa hiyo kila kijiwe kinarudisha mwanga kwa namna yake.

Saa 3 asubuhi, ndani ya San Vitale

Hapa ndipo napenda siku itumie muda mrefu zaidi, kwa sababu nakala inayofanywa kwa picha peke yake hutoka imekufa. Ninabeba darubini ndogo na kijiti chenye sampuli za rangi zilizobandikwa. Kitambaa cha meza kikitazamwa kwa darubini si cheupe. Kina kijivu, buluu iliyopauka na rangi ya krimu kwenye mikunjo, na weupe halisi umewekwa pale tu ambapo jicho linapaswa kutua.

Kanisa hili lina pembe nane. Lilianzishwa na Askofu Ecclesius, likagharimiwa na Julianus Argentarius, mfanyabiashara wa fedha, kwa sarafu za dhahabu 26,000, na Askofu Maximianus akaliweka wakfu mwaka 547. Watalii wengi wanakwenda moja kwa moja kwa Kaisari Justinian na mkewe Theodora, wanapiga picha, wanaondoka. Wanakosa jambo lenyewe. Simama mbele ya madhabahu ndipo usome kuta, kwa sababu kila picha ya eneo hili inaizungumzia meza iliyo chini yake.

Anza ukuta wa kaskazini. Ibrahimu anawapelekea wageni watatu ndama, na mezani pao pana mikate mitatu yenye alama ya msalaba. Pembeni, Ibrahimu huyohuyo ameinua upanga juu ya Isaka, na kondoo dume yuko miguuni pake. Ukuta wa kusini wanasimama Habili na Melkizedeki. Watu hawa hawakuokotwa hovyo katika kitabu cha Mwanzo. Sala kuu ya kale ya misa ya Kilatini, inayosaliwa mpaka leo, inawataja wote watatu kwa pamoja, ikimwomba Mungu apokee sadaka ya madhabahuni kama alivyopokea ya Habili, ya Ibrahimu na ya Melkizedeki. Kwa maneno mengine, padri alikuwa anasoma sala, na kuta zikiionyesha.

Sasa inua macho. Katikati ya dari yupo Mwana-Kondoo ndani ya duara lenye nyota, na malaika wanne wamelibeba kwa mikono iliyonyooshwa. Amewekwa sawasawa juu ya madhabahu. Mwana-kondoo wa Habili, kondoo dume wa Isaka, Mwana-Kondoo wa darini: mstari ni mmoja.

Ndipo Justinian anaeleweka. Yeye hakuwahi kufika Ravenna. Jeshi lake chini ya Belisarius liliuchukua mji mwaka 540. Kwenye ukuta ameshika sahani ya dhahabu ya mkate, na ng'ambo Theodora ameshika kikombe. Hiyo si kumbukumbu ya ziara. Ni maandamano ya vipaji, na yanaelekea kwa Kristo aliyeketi juu ya tufe la buluu, kijana asiye na ndevu, na mito minne ya paradiso ikibubujika chini yake. Anayetilia shaka atazame pindo la joho la Theodora: wamefumwa Mamajusi watatu wakipeleka zawadi. Mchoraji ameandika maana ya picha nzima kwenye ukingo wa nguo. Ni siasa pia, bila shaka. Jina pekee lililoandikwa juu ya kichwa katika paneli ya Justinian ni la Maximianus, askofu aliyehitaji watu wa mji wajue nani amemweka.

Ukiwa hapo, angalia lulu za Theodora. Si kioo. Ni vipande vya gamba la chaza, vimeachwa viduara na vikubwa kuliko vijiwe vinavyovizunguka, ndiyo maana vinang'aa kwa upole huku dhahabu ya jirani ikiwaka. Na juu ya Habili yuko Musa, ameinama anafungua kiatu, na moto umetapakaa mlimani. Msomaji wa kitabu cha Kutoka anajua sauti iliyosema: "vua viatu vyako miguuni mwako."

Saa 4:45 asubuhi

Dhahabu inahitaji maelezo yake. Kijiwe cha dhahabu ni tabaka tatu: kioo kinene chini, karatasi nyembamba mno ya dhahabu katikati, na utando wa kioo usiofika milimita moja juu. Utando huo ndio unaoilinda dhahabu, na ndio unaoharibika kwanza. Unyevu ukipita ukingoni, utando unabanduka, dhahabu inaondoka nao, na kinachobaki ni shimo jeusi katikati ya mbingu. Ukiona madoa meusi yametawanyika kwenye usuli wa dhahabu, mara nyingi ndiyo haya.

Makosa mawili huharibu dhahabu mpya. La kwanza ni kuipanga bapa kabisa: ukuta unakuwa kioo cha kujitazamia, unawaka kwa mtu mmoja na kuwa giza kwa mwingine. Mafundi wa kale waliinamisha vijiwe kidogo, kila kimoja kwa pembe yake, na mahali pa juu waliviinamisha kuelekea chini kwa watu. La pili ni kubana nafasi. Nafasi kati ya vijiwe ni sehemu ya rangi. Plasta chini ya dhahabu mara nyingi ilipakwa nyekundu au manjano ili mianya isikate mwanga.

Mausoleo ya Galla Placidia iko hatua chache tu, na ni ya karne ya 5, kwa hiyo napita kwa dakika chache kutazama buluu. Msalaba katikati ya nyota, Mchungaji Mwema juu ya mlango, na ayala wawili wanaoijongea chemchemi, ile Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji." Mwanga humo ni wa rangi ya asali, lakini usiwape sifa hiyo Waroma: mabamba ya alabasta ya madirishani yaliwekwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Saa 7 mchana

Kupanga. Mistari ya nje kwanza: ukingo wa meza, kikombe, mikate. Halafu mstari mmoja wa usuli unaofuata umbo hilo kwa nje, kisha ndipo usuli uliobaki unajazwa. Mstari huo mmoja ukirukwa, mkate unaonekana umebandikwa. Mikunjo ya kitambaa inafuata uzito wa nguo, kwa hiyo vijiwe vinateremka na kupinda nayo. Ukivipanga kama matofali, kitambaa kinageuka ukuta. Kwa kasi ya uangalifu, saa moja inatosha eneo lisilozidi kiganja.

Saa 9 alasiri

Paneli nyingine, iliyokamilika wiki iliyopita, inageuzwa. Uso wake unapakwa gundi ya wanyama yenye uvuguvugu, unatandikwa shashi, kisha kitambaa cha pamba, na unaachwa ukauke kabisa. Gundi ikiwa nzito inajikunja inapokauka na kunyanyua pembe. Ikiwa nyepesi, vijiwe vinadondoka wakati wa kugeuza. Ubao unawekwa juu, watu wawili wanageuza kwa pamoja, kisha chokaa ya muda inakwanguliwa mpaka mikia ya vijiwe yote ionekane safi. Hapo ndipo mchanganyiko wa kudumu wa kujengea unapakwa kwa nyuma, ukisukumwa kwa mwiko uingie kila mwanya. Ukishika, paneli inageuzwa tena, gundi inalainishwa kwa maji ya moto na sifongo, na kitambaa kinavutwa kikiwa kimelala karibu na uso. Ukikivuta kwenda juu, kinaondoka na vijiwe.

Kwa paneli ya karakana saruji inavumilika. Kwenye ukuta wa kale, hapana. Saruji iliyotumika katika ukarabati wa karne iliyopita ina chumvi, na unyevu wa Ravenna, mji uliokaa kwenye ardhi tepetepe inayodidimia, unaibeba chumvi hiyo hadi nyuma ya vijiwe. Inaganda kuwa fuwele na kuvisukuma nje. Mkarabati hugonga ukuta taratibu kwa vifundo vya vidole. Panapotoa sauti ya uwazi, plasta imeachana na ukuta, na tiba ni kudunga rojo la chokaa, si saruji.

Saa 11 jioni

Sant'Apollinare Nuovo, kwa ajili ya jambo moja: kujizoeza kuona mishono. Kanisa hili lilijengwa na Theodoric, mfalme wa Wagothi aliyefuata imani ya Kiario (isiyokubali kwamba Kristo ni sawa na Mungu Baba) na kufa mwaka 526. Walipochukua utawala, Wabizantini, yaani watu wa Kaisari Justinian, waliondoa kwenye kuta watu waliotaka wasahauliwe. Kwenye picha ya jumba lake la kifalme, waliokuwa wamesimama kati ya nguzo wamebadilishwa kuwa mapazia meupe. Ila mikono yao imebaki kwenye nguzo, imekatika bila mwili. Kung'oa mkono kungelazimu kuvunja sehemu ya nguzo pia. Tazama pia namna vijiwe vya viraka vinavyobadilisha mwelekeo na ukubwa: mahali mtiririko unapokatika bila sababu ya umbo, huenda kuna mtu alifuta kitu. Misafara ya watakatifu juu ya kuta hizo, wanawali 22 nyuma ya Mamajusi na mashahidi 26 upande wa pili, ni ya wakati huo wa kufuta.

Saa 12:30 jioni

Mchoro wa sehemu ya kesho. Karatasi inayopitisha mwanga inawekwa juu ya picha yenye ukubwa kamili, na kila kijiwe kinachorwa mzunguko wake. Kisha karatasi inapinduliwa, na mistari inarudiwa kwa nyuma kwa wino unaoyeyuka kwa maji. Upande huo wa nyuma ndio unaolazwa kwenye chokaa mbichi. Unyevu unavuta wino, na picha inabaki ikiwa sawa. Ukilaza upande wa mbele, inatoka kinyume. Kwa kikombe unaweza usigundue, kwa kuwa pande zake zinafanana, lakini kwa maandishi kama SCS VITALIS (Mtakatifu Vitalis) kosa litakuumbua.

Vipande vya dhahabu vilivyovunjika vinakusanywa, maana hata cha milimita 2 kinafaa ukingo wa duara la nuru. Juu ya chokaa kinatandazwa kitambaa chenye maji, plastiki juu yake, na mbao nne kwenye kingo ili hewa isipite. Kesho tunaanza na mkate wa kushoto.