Ninavyoipanga siku ya nyangumi na pomboo Kisite nikitokea Mombasa

Safari hii ya Kisite, hifadhi ya bahari kusini mwa pwani ya Kenya, mimi siipangi kwa kalenda ya ukutani. Naanza na jedwali la maji kupwa na kujaa, kisha naangalia upepo. Kama siku inayofaa ni Jumanne, basi ni Jumanne.

Ugumu wenyewe uko hapa: nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu kati ya Julai na Septemba, na hiyo ni miezi ya kusi, upepo wa kusini unaochafua bahari. Wanatoka bahari ya kusini kabisa, kwenye barafu wanakoshiba, wanakuja kuzaa katika maji ya moto. Wapo watu wanaolipa meli kubwa wakaione barafu. Wakazi wa hiyo barafu wanatupitia mlangoni. Anayetaka matumbawe na bahari shuwari aende wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba hadi Machi. Anayetaka nyangumi akubali kurowa.

Kwa kuogelea juu ya matumbawe nachagua maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, mwezi ukiwa nusu angani, yaani tarehe 7 hadi 9 au 21 hadi 23 za mwezi wa Kiislamu. Mkondo hulegea na mchanga hautimki. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ina uzuri wake: maji hukauka kama saa nne au saa tano asubuhi na fungu la mchanga la Kisite likatokeza, lakini chombo hulazimika kukaa mbali na mwamba, na maji yakianza kujaa mkondo unakubeba kama kifuu.

Kutoka Likoni hadi Shimoni, tunakopandia chombo, ni kilomita 75 hivi. Navuka feri saa kumi na moja alfajiri. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, noti hazipokelewi, kwa hiyo nalipa usiku nikiwa nyumbani na risiti naipiga picha, nisije nikaanza kutafuta mtandao pale gatini huku nahodha ananingoja.

Chakula cha asubuhi ni mahamri mawili na chai ya tangawizi. Mbaazi za nazi ziache. Kwenye kusi zitarudi zilikotoka. Dawa ya kichefuchefu imezwe masaa mawili kabla ya kupanda. Wengi huimeza wakishaanza kuona kizunguzungu, na hapo tumbo limeshagoma, dawa inakaa tu haifiki kwenye damu. Kaa nyuma kidogo ya katikati ya chombo na utazame mbali. Tezi na omo marejeo ni ngamani, sawa, lakini omo, mbele ya chombo, ndiko kunakoruka zaidi.

Kabla ya kulipa nahodha nahesabu laifujaketi, navuta kamba na vifungo vyake, na nauliza injini ikizima tunarudi na nini. Jibu likiwa ni kicheko, natafuta chombo kingine. Jingine ninalolishikilia ni saa ya kuondoka: saa moja na nusu, ikizidi sana saa mbili. Vyombo vingi husubiri wageni wa mahotelini hadi saa tatu au saa nne, na kufikia hapo upepo umeshaamka. Maji yakitoka kukabili kusi, mawimbi husimama mafupi mafupi na chombo kinagonga badala ya kupanda.

Darubini nabeba ya 7x50, inayokuza mara saba. Ile ya 10 inaonekana bora dukani, lakini juu ya chombo kinachoyumba picha inacheza huoni kitu. Sitafuti mgongo wa nyangumi, natafuta pumzi yake: wingu dogo jeupe linalosimama sekunde chache kisha upepo ukalilaza. Akiinua mkia amezama kwelikweli, hesabu dakika 5 hadi 15. Mwenye mtoto hurudi juu mapema kwa sababu mtoto hawezi kukaa chini muda mrefu. Alipozama hubaki duara laini juu ya maji, limetulia kama mafuta ndani ya sufuria huku mawimbi yakivunjika pembeni yake. Huo ni msukumo wa mkia uliopanda kutoka chini. Chombo kisiingie juu ya duara hilo. Kisimame mbali, injini ikinguruma chini.

Pomboo ni rahisi zaidi, wapo mwaka mzima. Nahodha mzuri huenda ubavuni mwao, mwendo wao, bila kuwakata mbele. Ukiona kundi limebanana, linakwenda taratibu na kupumua pamoja, limepumzika, liache. Wakibadili njia mara mbili kukukwepa, jibu umeshapewa. Kwa simu nachukua video kisha nakata picha humo, maana ukisubiri waruke ndipo ubonyeze kitufe utarudi na albamu ya mapovu.

Majini, miwani ya kuzamia huvuja kwa sababu ya masharubu au nywele zilizonaswa kwenye mpira: paka vaselini chini ya pua, rudisha nywele nyuma. Ukungu wa kioo dawa yake ni mate, kusugua, kusuuza mara moja. Vaa fulana ya mikono mirefu, mgongo huungua hata wetu sisi. Usisimame juu ya mwamba: matumbawe yanakatika, na chini kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano, ambayo huvunjikia ndani ya nyama. Samaki pono utawasikia kabla hujawaona, wakiguguna mawe.

Chakula kizito ni baadaye, kisiwani Wasini: kaa, samaki, wali wa nazi na mwani. Nyundo ya kuvunjia kaa wanakupa wenyewe. Kanzu nyeupe usije nayo.