Noëlla analipa dola 42 kila mwezi

Mama anatembea sasa bila fimbo, harusi ya Espoir ilipita bila mvua na batu balicheza mpaka asubuhi, kwa hiyo wiki hii ilikuwa ya furaha. Lakini kile Noëlla, mudogo wangu mwenye anaishi Amerika, aliniambia mu simu siku ya yenga kinakataa kunitoka mu kichwa.

Tulikuwa tunaongea tu ya nguo za harusi, alafu nikamuuliza kama ameshanunulia batoto majaketi, juu kule Iowa baridi inaanza. Akanyamaza. "Yaya, nangoja kwanza. Ile franga nilituma ya mguu wa Mama sijamaliza kuilipa." Nikamuambia, lakini ulisema ni franga yako. "Ilikuwa ya karte ya mukopo." Na utalipa na nini? "Nalipa kidogo kidogo, Yaya. Banaomba dola 42 tu kwa mwezi, haiko mbaya."

Haiko mbaya! Nimerudilia hayo maneno nikipika sombe, nikiwa ku kazi, nikiwa ndani ya taksi ya Nyawera huku Bukavu, kila mara nasikia vile alisema polepole, kama mutu anamutuliza mutoto. Mudogo wangu anafanya zamu ya usiku, batoto hawana majaketi, na mimi njo anatuliza.

Usiku nikachukua karatasi. Deni ni 1,400, riba 24 kwa mia kwa mwaka, ndiyo kusema mwezi moja riba peke yake inakula 28. Mu 42 yenye anatoa, 14 tu njo inapunguza deni. Na ile franga haikupata hata siku moja ya bure, juu alituma kwa programu ya simu akitumia karte, na kampuni ya karte ikahesabu kama amekamata keshi. Ukinunua kitu ku duka na ulipe deni yote mbele ya tarehe, riba hakuna. Keshi inaanza kuzaa siku ile ile, na makato juu yake.

Noëlla haiko peke yake, deni ya karte ya Bamarekani ilipita dola trilioni 1 mu 2023. Lakini mutu asiniambie kama ni mutu wa kutapanya. Mama alikuwa analia na mguu, banki za Bukavu zilikuwa zimefunga milango tangu mwanzo wa 2025, akiba yetu imelala ndani, angefanya nini? Mu aveki yetu ya Panzi, kundi ya bamama ya kuweka akiba na kukopeshana, ukikopa, bamama bote banakuona, sanduku iko na kufuli 3 na funguo ziko kwa batu 3, hauwezi kupita mara tatu ya akiba yako, na mutu atakuuliza utalipa na nini. Karte inakukopesha saa nane ya usiku, uko peke yako kitandani, na hakuna mwenye atakuuliza kitu.

Jana njo moyo wangu ulifunguka kidogo. Nilimuomba anitumie picha ya karatasi ya karte, tukaisoma pamoja mustari kwa mustari. Kuko kajedwali kenye sheria ya kule ya 2009 inalazimisha: ukilipa tu kile kidogo banaomba kila mwezi, utamaliza miaka 6 na utakuwa umetoa karibu 2,600, ukilipa 55, miaka 3. Hakuwahi kukasoma. Tukahesabu 120: mwaka moja na miezi miwili, basi! Akacheka, kicheko yake ya zamani, akasema atachukua zamu moja ya siku ya posho. Na majaketi atanunua kwanza, hapo nilikataa mabishano.

Nikaandika mu kundi ya familia: Noëlla anapumzika kutuma, mwenye shida apite kwangu tuone aveki inaweza nini. Mujomba alikuwa ameshaomba mabati. Hajanijibu, lakini Mama alinipigia mwenyewe na kusema, umefanya vizuri mwanangu, mimi sikujua.

Kitu ingine, ukuta wa jirani wa juu umeanza kuinama upande wa chumba ya batoto, na mvua za usiku hazijapunguka. Nilimuonyesha jirani ufa wenye uko mu ukuta, anasema ni wa zamani. Hauko wa zamani, mwezi uliopita kidole changu hakikuwa kinaingia. Fundi anasema atakuja siku ya tano.