Hayo siwezi kumwambia mchungaji

Jumapili niliwekewa mikono kuwa mchungaji, Jumatano nikazika mtu kwa mara ya kwanza, na leo Ijumaa usiku bado nawaza maneno ya mama.

Nilimpigia Jumatatu, kama kawaida yetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mchungaji."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwulizia goti, akasema halisumbui. Nikauliza lile suala lake na shangazi, lililomkosesha usingizi mwezi mzima. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hayo siwezi kumwambia mchungaji."

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana."

Akanitakia usiku mwema, akakata.

Ndiyo maana nini? Jumanne niliamini anaona aibu. Usiku wa manane nikahisi ananiogopa, nikaumia zaidi. Mtu aliyekuwa akiniita "baba" tangu sijajua kutembea! Askofu aliponiuliza kama nitatunza siri za watakaoungama kwangu, nilijibu bila kusita. Chuoni tulilisoma hilo kwa kina: unalolisikia kwenye maungamo humwambii hata mwenzi wako wa ndoa. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba siku nitakayokabidhiwa siri za usharika, mama ataanza kunificha za kwake.

Jana nikamkumbuka Agostino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale. Mwaka 391 waumini wa Hippo, mji wa Afrika Kaskazini, walimkamata kanisani wakampeleka mbele ya askofu Valerius ili awe kasisi, naye akalia machozi. Baadhi yao wakamfariji wakidhani analilia cheo kikubwa zaidi. Kumbe alikuwa anaona hatari za kazi yenyewe, na baadaye akamwandikia askofu wake kuomba muda wa kusoma Maandiko kwanza. Hata Timotheo alionywa asimwekee mtu mikono kwa haraka.

Mimi nami nililia Jumapili. Nilikuwa nimepiga magoti, mikono ya askofu na ya wachungaji wote imerundikana kichwani, na shingo ikaanza kulegea. Sikutegemea mikono iwe mizito vile. Nilipoinuka na stola mabegani, watu walipiga vigelegele kwa yale machozi. Mama alikuwa mstari wa mbele, hakupiga. Alinitazama tu, vile anavyomtazama mtu aliyejitwika mzigo na njia bado ndefu.

Huenda hakutaka kuongeza wa kwake.

Basi jana jioni nikampigia tena, safari hii sikuuliza kitu. Nilimsimulia mazishi. Kwamba niliposema "mavumbi kwa mavumbi" mkono ulitetemeka, udongo ukaniponyoka kabla ya wakati. Kwamba mjane alinishika kiganja akauliza mumewe yuko wapi sasa, na maneno yote niliyoyaandaa yakanikimbia, nikabaki nimesimama naye tu, sijui dakika ngapi.

Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Pole, baba. Umekula?"

Nikamwambia bado. Akanigombeza vizuri sana, kuhusu kula, kuhusu kulala, kuhusu viatu nilivyovaa makaburini. Goti linamwuma, amekiri. Ya shangazi hakuyagusa, nami nikayaacha. Nikikata simu nilijikuta nalia tena, lakini kifua kilikuwa chepesi.

Ila mdogo wangu hajajibu ujumbe wangu hata mmoja tangu Jumatatu, na matokeo yake ya mtihani yalikuwa yatoke juzi. Mama hakumtaja kabisa.