Jinsi nilivyorudia A+ na kufaulu

CompTIA A+ ni cheti cha ufundi wa kompyuta chenye mitihani miwili. Mtihani wa kwanza hupimwa kwa alama 100 hadi 900, na kufaulu ni 675. Nilipofeli sikukimbilia kulipia tena, ingawa kanuni inaruhusu kurudia mara ya pili bila kusubiri. Kusubiri siku 14 kunahitajika kabla ya jaribio la tatu na yanayofuata. Ada unalipa upya kila mara, na si hela ya kuchezea.

Kilichonitoa ni ripoti ya matokeo. Wengi huitupa wakishaona wamefeli, kumbe inaonyesha vipengele ulivyokosa. Yangu ilijaa printa na mitandao.

Printa za leza hazikai kichwani kwa video. Nilimfuata fundi mmoja Kariakoo anayetengeneza mashine za steshenari, nikamwomba nimsaidie kufungua mbovu. Hapo hatua saba zikaeleweka: kuandaa ukurasa, kuchaji dramu (silinda inayobeba picha ya ukurasa), leza kuchora, tona (wino wa unga) kunata, tona kuhamia kwenye karatasi, kuyeyushwa kwa joto, kusafisha. Tona ikifutika kwa kidole, mtuhumiwa wa kwanza ni sehemu ya kuyeyushia.

"Tatizo hilo, mdogo wangu, wananiletea kila siku," alisema fundi.

Kwa upande wa mitandao, namba za poti, zinazotambulisha huduma za mtandao, nilizikariri tu kwenye daladala. 3389, 445, hazina ujanja.

Siku ya mtihani, maswali ya vitendo yalitangulia, nayo hula muda. Niliyawekea alama, nikamaliza ya kuchagua, kisha nikayarudia. Dakika 90 zikatosha. Sasa najiandaa na mtihani wa pili, ambao unataka 700.