Godoro la mtu mzito anayelalia ubavu: nilivyolipata baada ya kukosea mara mbili

Nina uzito wa kilo 121 na kimo cha sentimita 178, na tangu ujana wangu nimezoea kulalia ubavu. Nikilala chali hukoroma kiasi cha kumwamsha mke wangu, na nikilala kifudifudi tumbo hunibana pumzi, kwa hiyo ushauri wa kubadili namna ya kulala, ambao nimepewa na watu wengi kwa nia njema, haukunifaa. Nilichohitaji ni godoro la kubeba uzito huo ukiwa umekusanyika mahali pawili tu, begani na nyongani, na hapa Dar es Salaam ilinichukua miaka mitatu na magodoro mawili ya hasara kulipata.

Anayelala chali huutandaza uzito wake mgongoni, makalioni na mapajani, lakini anayelala ubavu huulaza juu ya eneo jembamba. Kwa mtu wa kilo 60 tofauti hiyo ni ndogo na godoro lolote la wastani huivumilia. Kwa mtu wa kilo zaidi ya 100, nyonga huzama kwanza, kiuno huifuata, na uti wa mgongo unaotakiwa kunyooka huning'inia kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea. Godoro likiwa gumu kupita kiasi shida hugeuka: nyonga haizami hata kidogo, bega halina pa kuingia, na kiuno hubaki hewani bila kitu cha kukiegemeza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kwa kiganja. Nilikwenda dukani, nikalibonyeza godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8, nikaliona limejaa vizuri, nikalipa na kulipakia kwenye bajaji. Baada ya miezi 14 upande wangu ulikuwa na bonde ambalo mke wangu, mwenye kilo 68, alikuwa akiteremkia usiku bila kutaka. Nilitandika kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nikaikaza, kisha nikasimamisha rula katikati ya bonde: sentimita 5, yaani robo nzima ya unene wa godoro. Asubuhi nilihitaji dakika kadhaa za kukaa kitandani kabla ya kuweza kuinama kuvaa viatu.

Safari ya pili nilinunua godoro gumu kuliko yote niliyoyaona. Nilikuwa nimekulia katika imani kwamba mgongo ukiuma dawa yake ni kulalia kitu kigumu, na wazee wetu wengi wamewahi kushuka sakafuni na mkeka kwa sababu hiyo. Godoro hilo lilikuwa la mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa upya, zito kulibeba na gumu kama ubao. Bonde halikutokea, na hilo nalisema kwa haki. Lakini ndani ya wiki mbili nilianza kuamka usiku nikiwa na ganzi kwenye vidole vya mkono wa kulia, bega likiniuma, nikigeuka upande wa kushoto, na baada ya saa moja upande huo nao ukinifukuza.

Ganzi ndiyo iliyonipeleka hospitali, na mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipima alitumia muda mwingi kuniuliza kuhusu kitanda kuliko kuhusu mkono. Ndiye aliyenieleza juu ya utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet, uliofanyika Uhispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa magodoro magumu na nusu magodoro ya ugumu wa wastani, na baada ya siku 90 waliolalia ya wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Utafiti huo haukuwahusu watu wazito wanaolalia ubavu peke yao, kwa hiyo sikuuchukua kuwa jibu langu kamili, ila uliniondolea ile imani ya ugumu niliyotoka nayo nyumbani.

Jibu lenyewe nilianza kulipata Keko, kwa fundi wa masofa niliyempelekea viti vya sebuleni kubadilishwa sponji. Aliweka mbele yangu vipande viwili vya ukubwa sawa. Kimoja kilikuwa kigumu mkononi lakini chepesi, kingine kilibonyea kwa urahisi lakini kilikuwa kizito. Akaniambia, "Mzee, hiki kigumu ndicho kitakachokufa kwanza." Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani ugumu na uimara ni kitu kimoja, kumbe kiwanda kinaweza kuifanya sponji nyepesi iwe ngumu, na ugumu huo ukaisha baada ya kukaliwa muda mfupi. Kinachoamua kama sponji itarudi katika umbo lake mwaka hadi mwaka ni zaidi densiti, yaani kilo za sponji zilizomo katika mita moja ya ujazo. Fundi huyo haweki chini ya densiti 30 kwenye makalio ya sofa, na alinishangaa kwamba nilikuwa nikilalia, kwa saa nane kila usiku, kitu ambacho yeye asingethubutu kumwekea mteja wa kukaa saa mbili.

Tangu siku hiyo nilikwenda madukani nikiwa na tepu ya kupimia na mizani ya kuning'iniza. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye inchi 8 lina takribani mita za ujazo 0.57, na ukigawanya uzito wake kwa namba hiyo unapata densiti bila kumtegemea muuzaji. La kwanza nililolipima Kariakoo, ambalo lebo yake ilisema tu "densiti ya juu" bila kutaja namba, lilikuwa na kilo 12.4. Nikatoa kilo 1.2 za kitambaa kwa kukadiria, nikapata densiti isiyofika hata 20. Baadhi ya wauzaji walikataa nisipime na sikugombana nao, niliaga tu. Neno othopediki nalo nililikuta kwenye magodoro ya kila aina, mazito na mepesi, kwa hiyo nikaacha kulisoma. Kipimo cha mizani hakifai kwa godoro la mabaki yaliyogandishwa, kwa kuwa hilo ni zito kwa asili yake, wala kwa la springi, ambalo chuma chake huvuruga hesabu.

Katika duka la nne nilikuta godoro la inchi 8 lenye kilo 20.4, ambalo baada ya kutoa kitambaa lilinipa densiti ya zaidi ya 33. Muuzaji alikubali kulitoa kwenye nailoni na kuliweka juu ya kitanda, nami nikalala ubavu kwa dakika 15 nikiwa na mto. Kabla ya hapo mke wangu alikuwa amenibandika vipande vya utepe wa karatasi mgongoni, juu ya fulana, kuanzia chini ya shingo hadi kiunoni, na nilipolala akanipiga picha kwa nyuma. Ninaipendekeza njia hii kwa moyo wote, maana macho ya mtu mwingine huona kile ambacho mwili wako uliochoka hauwezi kukueleza. Picha ilionyesha vipande vimenyooka vizuri kiunoni, ila karibu na bega mstari ulipanda juu, na bega lenyewe lilikuwa limeanza kuuma.

Godoro hilo lilikuwa imara kwa kutosha lakini gumu kidogo begani. Zamani ningeliacha na kutafuta jingine. Safari hii nililinunua kwa shilingi 460,000, kisha nikarudi Keko na kununua sponji ya inchi 2 iliyo laini lakini yenye densiti 30, nikailaza juu yake, na fundi akatushonea kava moja la kuzibana zote mbili zisiteleze. Unene wote ukawa inchi 10. Sponji ya juu hulipokea bega na nyonga, na ya chini huzizuia zisiendelee kuzama. Sikutaka sponji ile inayobonyea polepole na kubaki na umbo la mwili, kwa sababu hulainika zaidi inapopata joto, na chumba chetu mwezi wa pili ni cha moto hata usiku wa manane.

Ilinibidi pia kukishughulikia kitanda chenyewe, jambo ambalo hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniuliza. Chaga za kitanda chetu zilikuwa zimeachana kwa sentimita 15 na mbili zilikuwa zimepinda upande wangu, na godoro lolote huingia kwenye nafasi kama hizo na kuchanika uso wa chini. Seremala aliongeza chaga tano, nafasi zikabaki sentimita 6 au 7, akaweka boriti ya katikati yenye mguu unaofika sakafuni. Mto nao niliubadilisha, nikachukua mnene unaojaza nafasi yote kati ya sikio na ncha ya bega, na mwingine mdogo nauweka kati ya magoti ili mguu wa juu usiivute nyonga mbele.

Mazoea mengine ya nyumbani yalikuwa magumu kuyaacha. Bibi yangu kule Tanga alikuwa na godoro la usufi, na kila lilipodidimia alilianika juani, akalifumua, akauchambua usufi na kulijaza upya, likawa kama jipya. Mke wangu alitaka tufanye vivyo hivyo kwa kuanika, lakini jua kali huigeuza sponji kuwa ya njano na kuifanya imeguke, kwa hiyo tunalisimamisha ndani, dirisha likiwa wazi, ili unyevu utoke. Kila baada ya miezi mitatu tunaligeuza upande wa kichwani uwe wa miguuni. Hatulipindui chini juu, kwa kuwa sponji laini iko upande mmoja tu.

Ganzi ya vidole iliisha katika wiki ya tatu. Maumivu ya kiuno yalichukua karibu miezi miwili, na hata sasa hunirudia kidogo nikisafiri na kulala kwenye kitanda cha nyumba ya wageni. Mwezi uliopita godoro lilitimiza miaka miwili, nikatandika tena ile kamba na kusimamisha rula upande wangu, na kina kilikuwa milimita 9.