Alamu ika-go off, maziwa nayo yaka-go off

Kama umeshawahi kuchangia sendofu basi phrasal verb moja, yaani kitenzi cha Kiingereza chenye kaneno kafupi mkiani, unayo tayari, ila tuliichukua tukaibadilishia kazi. Huku kwetu Bongo sendofu ni ile shughuli ya kwao bibi harusi kabla ya harusi yenyewe, MC, keki, kamati, na mchango hata kama mfukoni pamekauka. Mwambie Mwingereza jana nilikuwa kwenye "send-off" atadhani umetoka kumuaga mtu anayehama kazi, au hata umetoka kuzika, maana nao marehemu akizikwa kwa heshima wanasema kapewa "a good send-off". Alafu ukilirudisha kuwa kitenzi linageuka tena, "he was sent off" kwenye mpira ni jamaa kala nyekundu, anaenda kuoga peke yake wenzake wanaendelea.

Huo ndo mchezo wenyewe. Unachukua kitenzi cha kawaida kabisa ambacho mtoto wa darasa la tatu anakijua, go, put, get, give, take, unakibandika mkia mfupi, up, off, out, on, na maana inahama. Na usijione mzito wa kuelewa, Samuel Johnson, yule wa kamusi ya mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi wake kwamba hapa ndo wageni wanapopata taabu kubwa kuliko kote. Jina lenyewe la phrasal verb lilikuja kusambaa baadaye sana, Logan Pearsall Smith alilitumia kwenye kitabu chake cha 1925 na akasema kapewa na Henry Bradley wa kamusi ya Oxford.

Sisi tabu yetu ilianzia shule. Tulifundishwa postpone, tolerate, extinguish, tukafaulia mitihani, alafu unakutana na mtu wa London anaongea put off, put up with, put out, maana zile zile, na yale yako yote hayasikiki. Maneno yale marefu mengi asili yake Kifaransa na Kilatini, yaliingia baada ya Wanormani, wale waongea Kifaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 na mengine yakaletwa na wasomi karne za baadaye, yakakaa mahakamani, kanisani na ofisini, huku jikoni na sokoni watu wanaendelea na put na get zao, na hiyo get yenyewe waliachiwa na Waviking lakini hiyo stori nyingine. Ndo maana Kiingereza cha wengi wetu kinanukia barua ya maombi ya kazi. Kiko sahihi kabisa, ila nani anamwambia mwenzie nyumbani "please extinguish the candle"?

Sasa kinachonishangaza ni kwamba tunalia na mikia hii wakati wa kwetu tunao na hatuuoni. Chukua neno mbali. Mahakama ikitupilia mbali kesi hakuna anayeuliza imeitupa mita ngapi. Potelea mbali, futilia mbali, katilia mbali, hapo mbali haina umbali wowote, kazi yake ni kusema jambo limeisha moja kwa moja na halina kurudi. Basi ile "up" ya Kiingereza mara nyingi inafanya kazi hiyo hiyo. Eat ni kula, eat up ni kula mpaka sahani nyeupe. Use ni kutumia, use up ni kutumia mpaka imeisha. Tear ni kuchana, tear up ni kuchana vipande vipande. Hakuna kitu kilichopanda juu hapo, na mwalimu aliyekwambia up maana yake juu akaishia hapo alikupa nusu ya habari.

"Off" nayo ina wazo moja la ndani, zamani off na of lilikuwa neno moja lenye maana ya kutoka, kuachana na. Sasa angalia. The alarm went off, alamu imelia. The lights went off, taa zimezimika. The bomb went off, bomu limelipuka. The milk has gone off, maziwa yamechacha na sio ule mtindi uliokusudia. Ukikariri utapata maana nne zinazopigana, moja inawaka nyingine inazima, lakini ukiangalia mkia unaona vyote vimetoka kwenye hali vilivyokuwemo, alamu imetoka kwenye ukimya, taa zimetoka kwenye kuwaka, maziwa yametoka kwenye uzima wake. Mimi kwa kweli zile orodha za give up, give in, give out, give away zilizopangwa kwa kitenzi naziona zinatupotezea muda, bora zipangwe kwa mkia. Sio kwamba mkia utakuokoa kila mara, maana kuna fill in a form na fill out a form ambazo ni kitu kimoja tu, kujaza fomu, hapo nyoosha mikono uendelee na maisha.

Kwenye kuzipanga kwenye sentensi kuna kimoja cha kushika. Unaweza kusema turn off the light au turn the light off, vyote sawa, ila ukiweka "it" lazima iingie katikati, turn it off. Turn off it hakuna anayesema. Na zipo zisizopasuka kabisa, look after him, basi, huwezi kumchomeka him katikati.

Alafu zinageuka nomino na hapo ni sauti. Kitenzi mkazo unakaa kwenye mkia, set UP, nomino mkazo unarudi mbele, SETup. Ni hiyo hiyo inayotofautisha green HOUSE, nyumba yoyote iliyopakwa kijani, na GREENhouse, kile kitalu nyumba cha kuoteshea nyanya.

Na nomino za kuunganisha kwa ujumla wewe anzia mwisho. Sisi tunatanguliza kitu chenyewe, garimoshi ni gari, wao kitu chenyewe wanakiweka nyuma. Kwahiyo "school bus driver training programme" inatisha mpaka uigeuze, programu ya mafunzo ya madereva wa mabasi ya shule, neno kwa neno kinyumenyume. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinakupa vile vi "ya" na "wa" vya kushikilia, Kiingereza kinarundika tu na uhusiano wa maneno unautafuta mwenyewe. Olive oil imekamuliwa kwenye zeituni, baby oil haijakamuliwa kwenye mtoto namshukuru Mungu. Wine glass ni glasi hata ikiwa tupu, glass of wine lazima kuna kitu ndani. Kicheni pati nayo si pati inayofanyika jikoni, ni ile ya kumpa bibi harusi vyombo na maneno ya mashangazi.

Kuandika pamoja, mbali mbali au kwa kistari usiulize sana. Toothbrush neno moja, tooth fairy mawili, na mwaka 2007 ile kamusi ya Shorter Oxford ilitoa vistari kwenye maneno kama 16,000, mengine yakawa mawili kama ice cream na mengine yakagandana kama bumblebee. Wenyewe hawajamaliza kubishana.

Sisi tukizibeba tunazigandisha moja kwa moja, pikapu, mekapu, bekapu, nokauti, mikia yote imemezwa na huwezi tena kuitoa. Ninayoipenda kuliko zote ni kiplefti. Ilikuwa amri tu ya barabarani, keep left, kaa kushoto, sisi tukasikia "ki" mwanzoni tukaona hii ya ngeli yetu, kimoja kiplefti, viwili viplefti, na leo ni mzunguko wenyewe wa barabara, konda anashusha abiria kiplefti. Mwingereza anaita roundabout, neno ambalo ukilipasua unakuta round na about, mikia miwili imekaa pamoja na kitenzi hakipo.